Jicho la Punda Liko Wapi

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe kumi na moja.

Mpendwa binamu, ingawa hustahili,

Hujambo wewe na goti lako? Nauliza kwa adabu tu, maana barua lazima ianze na hali. Shemeji hajambo? Mpe pole zangu, si kwa ugonjwa, kwa kuishi na wewe. Sisi hapa wazima. Mimi mgongo unaniuma nikiinama na nikiinuka, hapo katikati niko sawa kabisa. Mama yako, yaani shangazi yangu, anakula vizuri, ila anakula sahani ikiwa mapajani. Sababu unaijua.

Haya, salamu zimekwisha. Kaa chini.

Kila mtu mtaani anasimulia habari ya ile picha, na kila mtu anaikosea. Fundi saa anasema kipande kilimezwa na kuku. Kuku gani, kwenye sebule ya Shangazi, ambako hata nzi huingia akibisha hodi? Muuza maziwa anasema kiwandani walipakia pungufu. Na wewe nimesikia huko uliko unawatangazia watu kwamba mimi nimeiba viwili. Wote waongo. Anayeijua habari hii ni mtu mmoja tu, na hakumaliza hata darasa la tatu, lakini amechomelea mageti arobaini ya mtaa huu na hakuna hata moja lililoanguka. Toa moja. Hilo lilipigwa na lori.

Ilianza hivi. Ulipostaafu posta, ulikuja na boksi kutoka mnada wa mitumba. Vipande elfu mbili vya karatasi ngumu, ukasema tukiviunganisha vyote itatokea picha: mlima, mto, nyumba za mawe, na punda kwenye kona. Nikakuuliza, "Picha si hii hapa, imeshachapwa juu ya boksi? Tunatafuta nini tena?" Ukanitazama kama barua isiyo na stempu. Shangazi ndiye aliyesema, "Mwageni hapo mezani nione." Meza ya kulia ikatekwa tangu siku hiyo.

Miezi mitano, binamu. Wanaume wawili wenye mvi na bibi wa miaka themanini na tisa, kila siku baada ya chakula cha mchana, tunagombania kona ya wingu. Watu wakatuita Wazee wa Vipande. Wewe na kibano chako cha nyusi na daftari lako, kila kipande umekiandikia namba mgongoni kwa penseli kama kifurushi. "Leo tumeweka kumi na tisa," unatangaza, utadhani kuna mkaguzi anakuja. Mimi sikuwa na daftari. Mbingu yote ya bluu, vipande mia sita, niliiweka kwa kupapasa, macho nimefumba, kama ninavyopapasa mshono wa chuma. Shangazi ni shahidi. Alisinzia kidogo, lakini ni shahidi.

Tena vile vya bluu nilivipanga kwenye trei za mayai: bluu ya asubuhi trei yake, bluu ya mchana trei yake, bluu inayotaka kunyesha trei yake. Ukapita ukasema, "Bluu ni bluu." Hapo ndipo nilipojua hujaumbwa na moyo, umeumbwa na mhuri.

Sasa mtu asiye na ugonjwa huu hawezi kuelewa, kwa hiyo msomee na shemeji hapa. Anayeweka kipande cha mwisho ndiye mwenye picha. Unaweza kukaa miezi mitano hujagusa kitu, ukaja ukaweka hicho kimoja, na watu wakakupa mkono wewe. Ndiyo maana mwenye akili huficha kimoja mapema. Nakiri. Wiki ya tatu nilichukua kimoja cha bluu nikakitia mfuko wa shati. Na ni haki yangu, mbingu ile kaijenga nani? Kosa langu ni moja tu, sikujua mezani kuna mwizi mwingine.

Siku ya kumaliza, mama yako aliwaita fundi saa na muuza maziwa waje washuhudie. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Daktari wa macho alikuwa ameshamwambia kwamba kinachopotea kwenye macho yake hakirudi, ndiyo maana alikuwa na haraka na picha kuliko sisi. Trei zikaisha. Tukainama wote. Matundu mawili. Moja mbinguni, jingine kwenye kichwa cha punda, pale penye jicho.

La mbinguni nalijua, ni langu. La punda je? Nikainua macho nikutazame, nikakukuta unalikodolea lile la mbinguni kwa uso uleule niliokuwa nao mimi.

Fundi saa akasema, "Viwili havipungui bila mkono wa mtu."

"Muulize huyo mwenye mifuko," ukasema wewe.

"Muulize huyo mwenye namba," nikasema. "Si ana daftari? Alifungue, atwambie jicho la punda ni namba ngapi na alilishika lini."

Daftari likaingia kwapani papo hapo. "Mimi ni mtu wa posta. Miaka thelathini sijapoteza hata bahasha."

"Hukuzipoteza, ulikuwa unazikalia."

Muuza maziwa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na wewe, badala ya kutoa ulichoficha, ukabamiza mlango, kesho yake ukafunga mizigo ukahamia kwa mwanao huko mbali. Mtu mzima, anamkimbia punda wa karatasi.

Nikwambie ambacho hukukiona. Ulipobamiza tu mlango, mimi kiume nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa changu, nikakiweka mbele ya watu wote. Fundi saa akanipa mkono. Kwa hiyo limebaki tundu moja, na hilo ni lako.

Mama yako amekataa katakata picha iondolewe mezani mpaka ikamilike. Juma lililopita supu ilimmwagikia pajani kwa sababu meza imejaa milima. Nikamwambia, "Shangazi, tuibomoe, tuirudishe kwenye boksi." Akaniambia, "Bomoa mguu wako kwanza." Kila asubuhi anaketi hapo na miwani zake mbili, anapitisha kidole juu ya nyumba za mawe, anashuka mtoni, anafika kwa punda. Akifika kwenye tundu anasimamisha kidole. Juzi akaniuliza kama nimefunga dirisha, mbona giza. Ilikuwa saa saba mchana na dirisha liko wazi.

Sasa wewe unasubiri nini huko na jicho la punda mfukoni? Apofuke kabisa ndipo uone haya? Usiniletee hadithi ya kutafuta sijui sandukuni sijui kwenye koti. Mtu aliyeandika namba elfu mbili kwa penseli anajua namba moja iko wapi. Na usilitie posta. Mimi barua hii nimempa dereva wa lori la saruji mkononi, maana posta nimeifahamu kupitia wewe.

Msalimie shemeji, nasema tena pole. Msalimie mwanao mwalimu, na yule mjukuu wenu anayefanana na mimi, bahati yake. Fundi saa anakusalimu kwa shingo upande. Muuza maziwa hakusalimu, nimembembeleza akakataa. Mama yako amesema nisikuambie kwamba amekuulizia.

Kabla sijalamba bahasha, kuna mahali hapo juu nimepaka rangi kidogo. Lile la kutoa changu mbele ya watu, na kupewa mkono. Sikukitoa. Niliona nikitangulia kutoa mimi, utakuwa umenishinda, na nikakaa nacho mfukoni miezi minne nikimtazama Shangazi akila mapajani. Matundu bado mawili.

Chungulia ndani ya bahasha, nimekifunga kwenye kipande cha gazeti, usikikunje. Sasa vyote viwili viko kwako. Njoo navyo wiki hii, umwekee mama yako kiganjani, aviweke mwenyewe angali anaona wapi pa kuviweka. Mungu akufupishie barabara na akulainishie shingo.

Ni mimi niliyekupenda tangu hujaota meno, na ambaye bado sijakusamehe,

Binamu yako, mchomelea mageti.