Timbo Letu Halina Nyapara

Murera, Juja

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Goti lake linasemaje siku hizi? Na mvua imewafikia, au mahindi bado yanaisubiri? Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila mikono imekuwa migumu kama soli ya kiatu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza. Barua utaisoma hadi mwisho, na ukikasirika, utaikasirikia karatasi.

Uliniuliza mambo mawili: kama ni kweli nimekataa unyapara, na kama ni kweli nimeingia kwa hao waanakisti ambao Simiyu, mtoto wa shangazi, alikuja kuwatangaza huko kwamba ni watu wa kurusha mawe. Yote mawili ni kweli, ila hapo kwa mawe Simiyu ametia chumvi. Mawe tunayo mengi, lakini tunayachonga na kuyauza. Kuyarusha ni hasara.

Mambo yalianza hivi. Nyapara wetu aliacha kazi akaenda kufungua duka Thika, na mwenye shamba lenye timbo hili akachelewa kutafuta mwingine. Njaa haingoji, kwa hivyo tukaendelea kuchimba. Kila Jumatatu asubuhi tunakaa juu ya mawe, tunapanga nani atachimba, nani atachonga, na nani ataongea na madereva wa malori. Wiki ikiisha, mwingine anashika zamu. Anayepasua kokoto anapata sawa na anayechonga, na tukikosa kukubaliana tunazungumza mpaka birika la chai linakauka.

Jina la mambo haya tulipewa na Njoki, anayepasua kokoto nasi. Ana digrii ya historia ambayo bado haijampatia kazi. Alituambia uanakisti, yaani anarchism ya Wazungu, si vurugu, ni watu kujipanga wenyewe bila mkubwa wa kuwaamuru. Akatueleza kwamba zamani huko Uhispania wafanyakazi walishika viwanda na mashamba wakaviendesha wenyewe, mpaka wanajeshi wakawamaliza, na kwamba hata leo ziko nchi ambako wafanyakazi wanaendesha viwanda vilivyotorokwa na matajiri. Mzee Gitau, ambaye amechonga mawe kutushinda sote, alimsikiliza akiwa ameshika nyundo, kisha akauliza, "Kwani hiyo si ngwatio? Cucu, nyanya yangu, alikuwa analimiwa shamba na majirani, kesho yake wanaenda kulima la mwingine. Na hakuwahi fika hiyo Spain."

Tulicheka sana. Lakini hata wewe Baba, nyumba yako ya kwanza ilikandikwa na majirani, na sijasikia kwamba kulikuwa na mtu wa kuwasimamia.

Sikufichi, tuliwahi kuaibika. Wiki moja Barasa alimwahidi dereva mmoja rundo zima la mawe, na mimi, ambaye haikuwa zamu yangu kuongea na madereva, nikamwahidi mwingine rundo hilo hilo. Malori yote mawili yakafika pamoja. Madereva nusura washikane mashati, na watu wa Murera walikuja kutazama kama sinema.

Habari zilimfikia mwenye shamba. Akaja, akaniita kando, akaniambia, "Wafula, ng'ombe bila mchungaji wanakula mahindi ya watu. Wewe sasa ndio nyapara. Chagua wale wako na nguvu, hao wengine uwaambie waende. Nimempigia baba yako simu na amefurahi."

Nilimwomba anipe mpaka Jumatatu. Jioni hiyo ndiyo ulinipigia ukaniambia nisiwe mjinga. Baba, nilitamani. Nimekua nikikuona wewe nyapara wa miwa, watu wakikupisha njiani, na tangu utotoni nilitaka kupishwa hivyo. Nikaanza kuwahesabu wenzangu kichwani. Mzee Gitau angeenda kwa sababu ya umri. Barasa angeenda kwa sababu anakohoa. Njoki angeenda kwa sababu mwenye shamba hapendi mwanamke anayeuliza maswali.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Siku ile kampuni ya miwa ilipokuamuru uwaonyeshe watu wa kuachishwa kazi, ulirudi nyumbani ukakaa ukiutazama ukuta. Mama alikuwekea ugali, na hukuugusa. Nilikuona, na niliumia.

Jumatatu nilimjibu mwenye shamba mbele ya wote kwamba sitaki. Akauliza basi atakuwa anaongea na nani. Mzee Gitau akamwambia aulize yeyote. Mwenye shamba akawaka, akasema atafunga timbo. Basi tukaweka nyundo chini, tukakaa. Lori lililotoka Ruiru lilikuwa linangoja, dereva anapiga honi. Njoki akamwambia mwenye shamba kwa upole, "Tukienda, tunaenda wote. Tukibaki, tunabaki wote." Mwenye shamba alizunguka lile rundo la mawe, akaguna, mwishowe akasema tupakie.

Anaweza kubadilika, sikatai, maana shamba ni lake. Lakini wiki hii zamu ya kuongea ni ya Njoki, na mwenye shamba huja kumuuliza habari za kazi kama mtu aliyezoea. Siku ukija nitakupeleka Ruiru nikuonyeshe ghorofa zilizojengwa kwa mawe yetu. Hakuna aliyesimama nyuma yetu tukiyachonga, na kona zake zimenyooka. Najivunia, Baba. Nakuambia bila aibu.

Msalimie Mama, na Nanjala dada yangu, mwambie asome kwa bidii. Msalimie pia mjomba mwenye kinu cha posho. Simiyu mwambie apunguze chumvi, presha itampata.

Najua ulishatangaza kanisani kwamba mwanao amekuwa nyapara. Jumapili ukisimama tena, waambie niliambiwa nichague watu wa kufukuzwa, nikatafuta kote, nikakosa hata mmoja.

Mwanao,
Wafula