Ndiva na Chungu cha Makande

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza vingine.

Juzi Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya watu wa Vudee kuwaeleza utafiti wangu wa ndiva yetu: kwa nini bwawa linalojaa usiku kucha halitoshi tena kumwagilia hata mashamba ya karibu. Ungekuwepo, ningekusimulia wewe kwanza, jikoni, kama siku zote. Ungegeuza makande yako, ungenisikiliza mpaka mwisho, halafu ungesema, "Sijaelewa. Anza tena." Nilikuwa nakasirika! Sasa nalitamani neno hilo kuliko sifa zote za wakubwa wangu kazini.

Maana Jumapili hakuna aliyelisema. Nilionyesha michoro ukutani, nikataja matabaka na upenyaji, na watu wakanipigia makofi ya heshima. Unatujua, mtoto wa nyumbani haaibishwi. Lakini kesho yake kijiji kizima kilikuwa na msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kuzoa tope la ndiva, majembe yameshanolewa. Bila kuelewa, wangeiharibu ndiva kwa bidii yao wenyewe.

Nikatazama ulipozoea kukaa. Palikuwa na mtu mwingine. Nikajiambia moyoni, "Sijaelewa. Anza tena."

Nikazima projekta. Nikawaambia habari za chungu chako cha makande, ulivyotukataza kukisugua ndani kwa mchanga kisije kikavuja. Ndiva nayo, nikasema, ina utando wake chini, udongo wa mfinyanzi unaozuia maji. Kila mwaka tukizoa tope tunaukwangua na huo, maji yanazama. Shangazi Namsifu akasimama: "Kumbe chungu tunakitoboa wenyewe! Haya, tuishie wapi?" Hapo maswali yakamwagika mpaka mchungaji akachelewa chakula.

Jana tulizoa tope la juu tu. Kama maji yatakaa, bado sijui. Nilichotaka ni kukimbia nyumbani nikuambie, na nilikimbia kweli, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Nimekukumbuka sana. Lala salama, Mama. Nakuahidi, kila nitakachogundua kitapita jikoni kwako kwanza, kwa sauti, kabla hakijafika kwa mtu mwingine. Jana jioni nilianza. Nilibandika makande, nikakaa kwenye kigoda chako, nikaeleza yote. Nadhani nilieleza vizuri. Ila makande yaliungua. Mimi nilikuwa nasema, na hakuna aliyekuwa akigeuza.

Mwanao