Mti wa Brashi Upande wa Barabara

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ya sabini na nne ndani. Tangu mume wangu Halfani azikwe sijavuka mlango wa mbele. Uani naruhusiwa: jikoni, chooni, basi. Dada yake, wifi Zaina, amehamia hapa ili anisimamie eda ya miezi minne na siku kumi. Analala chumba cha mlangoni. Ana roho nzuri, ila masikio yake hayalali.

Dirishani nauona mti wa brashi. Uko nje, upande wa barabara, hatua kumi na mbili. Ncha za majani zimeanza kukauka. Halfani alikuwa anaupa ndoo mbili kila Ijumaa. Sasa nani? Watoto wetu wako shule ya bweni.

Alhamisi, 24 Julai

Dionisia kaja kunipa pole. Alifanya kazi na Halfani kwenye bustani ya kambi ya watafiti wa madini, kule Ruangwa. Yeye ndiye aliyemchagulia ule mche. Asili yake Australia, ua jekundu, umbo la brashi ya kuoshea chupa. Halfani aliuleta hapa Nkowe kwa baiskeli, ndani ya kopo la mafuta. Mwaka wa tatu huu. Watu walicheka — mtu ana mikorosho yake, anapanda mti usioliwa, usio na kivuli.

Nikamwuliza kama utakufa. Akasema ukishakomaa hauogopi kiangazi, ila wetu bado mdogo. Uupe maji yazame kabisa. Ya juujuu yanadanganya mizizi. Na maua yakichakaa, kata nyuma ya ua tu. Tawi kuukuu lenye kigaga usiguse, halichipui vizuri.

"Nitakata kwa macho?" nikamwambia.

Tukacheka. Wifi akakohoa huko korido. Tukashusha sauti.

Jumapili, 3 Agosti

Karudi Dionisia, na nilikuwa nimeshapata akili. Mpira wa kuvutia maji kwenye pipa! Nikampitishia ncha moja kati ya nondo za dirisha, akauburuta mpaka shinani, akaufukia kwa mchanga. Huku ndani nimekata chupa, nimeifanya faneli. Leo nimemimina ndoo mbili, kikombe kwa kikombe. Mkono unauma. Nimelala vizuri mchana, mara ya kwanza tangu Mei.

Jumanne, 12 Agosti

Ua. Moja, kisha jioni nikaona mengine manne. Ndege wawili, chozi, wananing'inia wananyonya.

Wifi kanikuta. "Wifi, mjane haangalii barabara."

"Naangalia mti."

"Mti uko barabarani."

Kafunga pazia.

Ijumaa, 15 Agosti

Sadiki, mdogo wake marehemu, kapita baada ya swala. Nilimsikia akivuta futi ya fundi nje. Kisha akasimama dirishani, mimi nyuma ya pazia.

"Shemeji, hujambo? Hapa mbele nataka kusimamisha fremu mbili za duka. Kodi utakula wewe na watoto wa kaka."

"Na mti?"

"Mti unang'oka, shemeji. Jumanne fundi anachimba msingi."

"Zimebaki wiki tatu nitoke. Nisubiri tuongee."

"Fundi akienda kwa watu wengine simpati tena."

Si mtu mbaya. Ndiye aliyembeba Halfani kwa pikipiki usiku ule mpaka Nachingwea, na ndiye anayetuletea unga. Angekuwa mbaya ningejua pa kumkamata. Nilitaka kufungua pazia nimwangalie usoni. Mkono ukakataa.

Nimemwomba wifi aende kwa shehe, amwulize kama mjane anaweza kutoka kwa jambo la lazima. "Mti ndio lazima?" kaniambia. Hakwenda.

Jumanne, 19 Agosti

Naandika nikiwa nje. Daftari nilikuwa nalo kiunoni, ndani ya kanga.

Asubuhi Sadiki kaja na fundi. Fundi akaanza na panga, akaangusha tawi la chini lenye maua matatu. Nililiona likianguka. Nikashika mlango. Wifi nyuma yangu: "Ukitoka sikufungulii." Nikatoka. Miguu mepesi kama ya mtu aliyetoka homa. Nikakaa chini, mgongo kwenye shina, na nguo zangu za eda. Komeo nikalisikia.

Fundi kaweka panga chini. Kasema yeye hachimbi pembeni ya mjane, wamalizane wenyewe. Kaondoka.

"Shemeji, unaniaibisha," Sadiki kasema, taratibu, maana wanawake wa bombani walikuwa wamesimama na ndoo zao. "Ingia ndani."

"Mlango umefungwa."

Kaenda kugonga. Wifi hakujibu. Kagonga tena, kamwita dada, kamwita kwa jina. Kampigia shehe, yuko mazikoni Mtua, atafika baada ya alasiri.

Sasa saa nane. Jua limehamia huku. Mti huu hauna kivuli cha maana, hilo walisema kweli. Sadiki amekaa juu ya pikipiki yake, ananisubiri nichoke. Muda si mrefu uliopita kanunua maji, kaja kaiweka chupa karibu na mguu wangu bila kuniangalia, karudi kukaa.

Nina kiu sana. Ila nikinywa nitataka choo, na choo kiko uani, nyuma ya mlango uliofungwa.

Chupa iko hapa. Baridi bado.