Historia ya Timu Niliyoombwa Niandike

Ijumaa. Vumbi limeushika mji tangu asubuhi, hata mnara wa msikiti wa hapa Al-Malqa, Riyadh, siuoni vizuri. Bosi na familia yake wamelala baada ya chakula cha mchana. Mimi niko kwenye kachumba kangu kando ya geti, AC inakoroma.

Simiyu ameniomba niandike historia ya timu. Simiyu ndiye kocha wa timu ya lakrosi ya wanaume pale chuo cha ualimu tuliposoma pamoja. Pia ni kaka yake Nekesa, mchumba wangu. Chuo kina sherehe, na mkuu anataka kila timu ilete ukurasa mmoja wa kusomewa wageni. "Cap, wewe ndiye nahodha wa kwanza, andika," akaniambia. Ukurasa mmoja tu, jameni. Wiki nzima naandika na kufuta.

Mwanzo wenyewe ni rahisi. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo alikuja na gunia la magongo yenye vikapu vya wavu kwenye ncha, akatufundisha kudaka na kurusha kampira kagumu ka raba bila kukagusa kwa mkono. Akaenda zake, magongo yakabaki. Mabeki hutumia magongo marefu na sisi hatukuwa nayo, basi tukachomeka vile vikapu kwenye mipini ya majembe. Akina mama wakitoka sokoni walikuwa wanasimama kando ya uwanja na kutuuliza, "Nyinyi vijana, huku hakuna hata mto wa maana, mnavua nini kwenye nyasi?" Mechi ya kwanza tulifungwa mpaka refa akatuonea huruma. Ya pili pia, wacha nisidanganye. Lakini mwaka wa tatu tuliwafunga wale wale waliotucheka, Odhiambo akizuia mipira golini kwa kifua, na jioni hakuweza kuinua hata kikombe cha chai kwa maumivu. Tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Hapo ndipo ninapokwama. Baada ya hapo inabidi niseme ile timu ilienda wapi.

Ilikuja huku.

Tulimaliza chuo na kazi ya ualimu haionekani. Mawakala wakaanza kupita mjini kwetu wakitafuta madereva, walinzi, watu wa bohari. Odhiambo kipa alitangulia, akaenda Jeddah. Kiprono, mshambuliaji wetu wa kushoto, akaja hapa Riyadh kuendesha magari ya huyu bosi. Siku moja Kiprono akanipigia: "Barasa, nafasi imepatikana, shughulikia pasipoti upesi." Wee, niliruka! Nilipofika nikamkuta hapa getini na mabegi yake tayari. Akanionyesha jiko la gesi, akanionyesha njia ya kwenda shule ya watoto, akanikumbatia, lakini usoni hakuniangalia. Usiku huo huo akapanda ndege. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba bosi alikataa kumruhusu aende mpaka alete mtu wa kushika nafasi yake. Mtu huyo ni mimi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakujua watatimiziwa neno kwa neno.

Kiprono nilimnunia mwaka mzima. Siku hizi simnunii tena, nimechoka.

Sasa mkataba wangu umeisha. Harusi yetu ni Desemba. Tumeshaiahirisha mara moja, na baba yake Nekesa amesema wazi kwamba safari hii nisipotokea, ng'ombe wangu watarudi na binti yake ataolewa na mtu anayeonekana kwa macho. Nikaenda kwa bosi kwa adabu zote. Si mtu wa matusi, mshahara analipa, siku ya Idi hunipa kanzu. Alitikisa kichwa tu. "Mafi badili, mafi safari." Hakuna wa kushika nafasi yako, hakuna safari. Kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, akishasema hivyo utamlilia nani? Pasipoti anayo yeye, na ruhusa ya kutoka nchini huombwa na yeye. Nina funguo za magari matatu mfukoni na siwezi kwenda kwetu.

Kiangazi nilimpeleka madam na watoto Jeddah, nikapata nafasi ya kuonana na Odhiambo pale Al-Baghdadiyah. Anakaa Al-Mahjar na wenzake, wanalala kwa zamu. Kafili wake naye alitaka badili. Odhiambo akakataa, akasema yeye hamleti mtoto wa mtu. Hajaenda nyumbani hadi leo. Mkewe alisubiri, akachoka, akarudi kwa wazazi wake. Nilimuuliza kama anajuta. Alitafuna sambusa yake mpaka ikaisha ndipo akanijibu, "Cap, usiniulize. Siku nyingine najuta, siku nyingine nalala vizuri."

Na jana, bila kuombwa, Simiyu akanitumia picha ya pasipoti yake.

Sikuwa nimemwambia chochote. Nilikuwa naweka wasapu picha zangu nimeegemea gari la bosi, nimevaa miwani, mjinga mimi. Kumbe Kiprono alishamweleza yote. "Shemeji, bosi wako anataka mtu, na mimi ni mtu," aliandika. "Umecheza vya kutosha. Toka, niingie."

Nililia. Naandika hivi kwa sababu blogu hii naiandika kwa majina ya kubuni na hakuna wa nyumbani anayeijua.

Kwenye lakrosi mnabadilishana wachezaji mchezo ukiendelea, refa hapulizi filimbi. Aliyechoka anakimbia hadi pembeni, mwenzake anangoja nje ya mstari. Ila sharti aliye ndani atoke kwanza ndipo wa nje aingie. Ukiingia kabla yake mnaadhibiwa. Simiyu alikuwa hodari kuliko sisi sote kwa hilo. Hapa kwa bosi sheria imepinduliwa: wa nje aingie kwanza, na akishaingia, mlango unafungwa nyuma yake.

Simiyu akija, timu imekufa. Hakuna mwingine pale chuoni anayejua kuifundisha. Lakini si timu inayoninyima usingizi. Ng'ombe wa mahari nilimaliza kuwatoa. Sasa niongeze na kaka yake bibi harusi? Nisimame kanisani nimeshika mkono wa Nekesa, naye Simiyu anaosha magari hapa, ameketi juu ya kitanda hiki hiki? Mama yao atanipikia kuku kwa mikono gani?

Na nikikataa, nitakuwa Odhiambo.

Bosi anataka jina la badili kesho jioni. Asubuhi ya leo nilikuwa na ile picha mkononi, kidole juu ya jina la bosi, nikijiambia kwamba Simiyu ni mtu mzima na amejitolea mwenyewe. Nilikaribia kabisa, sitajifanya malaika. Halafu nikaifuta.

Ukurasa wa sherehe nitaumalizia kwenye ule ushindi wa mwaka wa tatu. Wageni wapige makofi, wale pilau, waende zao.

Kesho, kabla madam hajataka kupelekwa sokoni, nitampigia Nekesa nimwambie Desemba siji. Sababu sitamwambia. Ataniita mwongo, atasema nimepata mwingine huku, na nitanyamaza. Kwa sababu nikimweleza ukweli, huenda akalia kidogo, kisha akaniambia nimchukue Simiyu.

Na yeye akisema hivyo, nitamchukua. Najijua.