Bwana Jabali Haumwi

4 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama ni wazima. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta. Kile kichekesho nilichokuwa nakiandika kimeanza kuonyeshwa kwenye televisheni, kila Jumamosi alasiri. Kuna mume humo, Bwana Jabali: halii, hapiki, haumwi, na hajawahi kumwomba mtu samahani. Nimemwandika ili achekwe. Mtazameni, mniambie.

Binti yako

19 Februari

Marahaba, mwanangu.

Hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Huku karakana ya kuchomelea hakuna habari nyingine ila Jabali! Jumamosi tunazima mashine mapema, tunajazana kwa kinyozi wa jirani kutazama. Alipovunjika mkono akaufunga waya na kuendelea kugonga nyundo, tulishangilia mpaka kinyozi akatufukuza. Mmoja akasema, "Huyo ndiye mwanamume!" Nikamwambia anayeandika ni binti yangu. Sasa Jabali ni mimi. Natembea kifua mbele.

Baba yako

23 Februari

Shikamoo baba.

Leo sina hata subira ya kuuliza hali. Barua yako nimeisoma mara tatu, nimeshindwa kutulia. Ule waya niliuandika ili muone upumbavu wake. Mmeshangilia nini?

Tena mama amenipigia. Anasema unakojoa damu tangu mwezi uliopita na umemkataza asimwambie mtu. Alipokuhimiza uende hospitali ukamjibu, "Jabali haumwi." Baba, maneno hayo ni yangu. Niliyaandika huku nacheka. Nenda, tafadhali.

Binti yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Hujajibu, na simu hupokei. Nimeandika kipindi ambacho Jabali anakwenda kupimwa na anaogopa. Bosi wangu akakirudisha: "Jabali akiogopa, nani atamtazama?" Nikamjibu kwamba kisipoonyeshwa hicho, atafute mwandishi mwingine. Amenipa mpaka Ijumaa nibadili msimamo. Sijui kama nina kazi. Hilo halinikoseshi raha kama kimya chako.

Binti yako

27 Machi

Marahaba, mwanangu.

Nilikununia wewe, na mama yako nilimnunia kwa kutoboa siri yangu. Lakini Jumatatu mkojo uligoma kabisa, nikatoka kazini kwa kunyata.

Pale kwenye benchi la hospitali nikamkuta nani? Msimamizi wetu, yule anayetufokea kutwa nzima. Akaruka: "Nimemsindikiza mtu!" Nikamuuliza mtu mwenyewe yuko wapi. Akatazama huku, akatazama kule, akakosa wa kumwonyesha. Mimi nikasema nimeitwa kutengeneza mlango. Tukakaa hivyo saa nzima, waongo wawili, kila mmoja ameshika tumbo.

Muuguzi akaniita, akataja na ugonjwa wangu mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Msimamizi akasema polepole, "Nenda. Ukitoka unieleze wanafanya nini huko ndani, maana mimi mara mbili nimefika hapa nikakimbia."

Wameona uvimbe. Alhamisi ijayo wanapasua, na hawakuniahidi kitu. Wenzangu wanadhani nimesafiri.

Neno hili nimeliandika, nikalikata, sasa naliandika tena: naogopa. Kama kazi imekwisha, njoo. Kama haijaisha, omba ruhusa uje.

Baba yako