Kwa Nini Ester Anaondoka

Mshangano, Songea

Shangazi Tabu, shikamoo. Hili sijamwambia mtu mwingine: nimemdanganya Mama Mariana, yule uliyeniombea kazi ya ushonaji kwake.

Mvua zimeanza huku. Sasa nashona pindo la suruali bila kufumua. Aliyenifundisha ni Ester, fundi wetu hodari, naye anaondoka mwisho wa mwezi. Mama Mariana ameahidi kumwongezea mshahara na kumnunulia cherehani ya umeme. Amekataa. Jana Mama Mariana akaniita pembeni.

"Wewe unakaa naye, mwanangu. Anataka nini huyu?"

"Sijui, mama."

Najua, shangazi. Ester alipofiwa na mama yake kule Peramiho, Mama Mariana alituma rambirambi kwa simu, akafungua duka kama kawaida.

"Hata kuja msibani kukaa mkekani kidogo tu, hakuja," Ester aliniambia, "halafu ananiita mwanangu."

Aliniapisha nisiseme. Mama Mariana naye anahangaika kweli, hata chakula hali vizuri. Mimi nainamia cherehani.

Najua una namba ya Mama Mariana. Nakuomba usimpigie, shangazi. Hili libaki kwako.

Mwanao,
Shakila