Uzi kwenye mguu wa Paulo

Dada Tereza, salamu nyingi toka Mwamkulu.

Mdogo wetu Paulo nimemkuta kwa mganga, mguu umevimba hadi gotini. Mganga alikuwa akipasua vidonge vya rangi mbili na kumwagia unga kidondani. Nilimweleza taratibu kwamba antibiotiki hiyo humezwa, tena dozi nzima, la sivyo vijidudu huizoea.

"Mwalimu, niliyemfunga uzi huu hatoki mpaka niufungue mimi," mganga akanijibu, akigusa uzi aliomfunga Paulo mguuni.

Nikamkumbusha kwamba wakati wa Korona yeye mwenyewe aliwapeleka hospitali waliobanwa pumzi. Akamtazama Paulo akitetemeka kwa homa. Mwishowe akaufungua.

Sasa tuko wodini Mpanda. Daktari anasema kesho ndiyo tutajua kama mguu utabaki. Mama usimwambie kwanza. Tuombee, na ujitunze.

Kaka yako, Yosefu